Tuta la Mboga na Karafuu za Mtini



Kila mwaka hufika miezi ambayo fedha za karafuu zilizopita zimekwisha, na karafuu mpya bado ni vikonyo vidogo mtini. Miezi hiyo ndiyo twapokea khabari zile zile kutoka kila tawi. Mmoja ameuza mavuno yake yakingali mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Mwingine amechuma kabla ya wakati, na karafuu zake zilipopimwa zikaonekana hafifu. Wa tatu ameanika siku mbili badala ya kungoja zikauke barabara, kwa sababu mwenye duka amekwisha kuja mlangoni mara tatu. Kawaida yetu ni kuilaumu bei, na kuilaumu mvua, na kuwalaumu wenye fedha. Lawama hizo zina haki yake. Lakini leo twapenda kusema na wanachama juu ya jambo moja lililomo katika uwezo wetu wenyewe, nalo ni tuta la mboga lililoinuliwa, lililo karibu na mlango wa jiko.

Najua wapo watakaocheka, waseme: “Chama cha wakulima wa karafuu kimeingiliaje mambo ya mchicha?” Jibu letu ni kwamba mchicha na karafuu ni mambo ya nyumba moja. Mwenye shamba hauzi mavuno mtini kwa sababu ataka kununua gari. Aghlabu huuza kwa sababu ya vitu vidogo vya kila siku. Deni la dukani halianzi kwa gunia la mchele. Huanza kwa tungule nne, kitunguu kimoja na fungu la mboga, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka daftari la mwenye duka limejaa ukurasa. Mwenye deni hawezi kungoja, na asiyeweza kungoja hapati bei. Hayo ndiyo maoni yetu katika toleo hili, na yote tutakayosema hapa chini yatoka humo.

Jambo la deni si geni katika visiwa vyetu. Ilipoundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, na tena Serikali ya siku zile ilipotunga sheria za ardhi na za biashara ya karafuu mwaka 1934, deni la wakulima lilikuwa katika mambo makubwa yaliyosemwa na kila mtu. Sheria zilikuja na zikapita, wanunuzi wamebadilika, na hata Serikali zimebadilika. Lakini mkulima aliyeweka tumaini lake lote katika mti mmoja amebaki na udhaifu ule ule: miezi michache ya fedha, na miezi mingi ya kukopa.

Na mti wetu, pamoja na heshima yake yote, si mti wa kutegemewa peke yake. Mche wa mkarafuu hungojewa miaka 6 mpaka 8 ndipo uanze kuzaa. Ukisha kuzaa, mwaka mmoja hujaa mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili ukatoa kidogo tu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa mara moja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Kisha kuna maradhi ya mikarafuu kufa ghafla, ambayo wazee wetu waliyaona yakimaliza mashamba mazima. Na nje ya nchi pia hatuna amri. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na ilipofika miaka ya 1980 haikuwa na haja tena na karafuu zetu kama zamani. Katika mambo yote hayo, hapana hata moja ambalo mkulima wa Wete au wa Mkoani angaliweza kulizuia.

Huenda mwanachama akasema kwamba haya ni maneno ya ofisini. Basi na tuwatazame wakulima wengine wenye hali kama yetu, walio mbali na bahari. Tumechagua Nkoaranga, katika Umeru, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu ya Tengeru na Usa River, si mbali na mji wa Arusha. Mahali hapo pajulikana tangu wamisheni wa Kilutheri walipofungua kituo chao mwaka 1902, na mpaka leo pana hospitali yao. Mkulima wa Nkoaranga hana mikarafuu, lakini ana mibuni. Kahawa yake ililetwa na wageni, kama mikarafuu yetu ilivyoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye pia huvuna kwa msimu, huuza nje ya nchi, na bei yake hutajwa na watu asiowajua. Kwa hiyo tukimtazama yeye, twajitazama wenyewe.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Wameru hawana ardhi ya kuchezea. Juu yao ni msitu wa mlima, na chini walizungukwa na mashamba makubwa ya walowezi tangu siku za Wajerumani. Mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi hiyo wapewe walowezi. Mwaka 1952 Wameru walimtuma mwenzao, Kirilo Japhet, mpaka New York kuishitakia kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu waliobanwa namna hiyo hujifunza kutumia kila shibiri. Katika shamba moja la Kimeru mtaona migomba juu, mibuni chini yake, maharage na magimbi kati kati, ng'ombe zizini, na maji yanayoletwa kwa mifereji kutoka mlimani. Karibu na nyumba ndipo penye mboga.

Jambo la pili ni la fedha. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Wakulima wa kahawa katika Meru waliona taabu kama ile tuliyoiona sisi kwa karafuu. Lakini wengi wao walikuwa na pa kushika. Waligeukia mboga, ndizi na maziwa, vitu ambavyo huuzwa kila wiki na havingoji meli. Soko la Tengeru, ambalo hujaa siku za Jumatano na Jumamosi, huonyesha jambo hilo kwa macho: mnavu, mchicha, figiri, ngogwe, nyanya, kabeji na karoti, na wauzaji wengi wao ni wanawake. Hatusemi kwamba mboga ziliwatajirisha watu wa Meru. Twasema kwamba nyumba yenye mboga iliweza kununua chumvi na daftari la mtoto bila ya kungoja kahawa.

Jambo la tatu ni la elimu. Hapo hapo Tengeru ipo taasisi ya Serikali ya utafiti wa mboga na matunda, na tangu mwaka 1992 iko karibu yake, mahali paitwapo Duluti, ofisi ya Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho makao yake makuu yako Taiwan. Mwaka 1997 zilitolewa hapo aina mbili za nyanya, Tanya na Tengeru 97, ambazo wakulima wengi wazijua. Na wataalamu hao hawakuzidharau mboga za kienyeji. Wamekusanya mbegu za mnavu, za mchicha na za ngogwe, ambayo sisi twaiita nyanya chungu, na wakazitengeneza upya kwa ajili ya wakulima. Mboga iliyoitwa chakula cha maskini imekuwa kazi ya wasomi. Hilo peke yake latosha kuondoa kicheko.

Sasa, je, twawaambia wanachama waige yote ya Meru? Hasha. Nkoaranga ni juu mlimani na ni baridi, na udongo wake ni wa majivu ya mlima wa moto. Kabeji na karoti zinazonenepa kule, huku kwetu hutaabika kwa joto. Sisi tuna mchicha, bamia, mabilingani, matembele, pilipili na tungule, na mnavu pia humea vizuri ukipata maji. Tunalotaka kuliiga ni mpango: kwamba mboga ina mahali pake palipotengenezwa, karibu na nyumba, nayo hupewa samadi na maji kwa desturi, kama vile mnyama anavyolishwa.

Na kwa nini tuta liinuliwe? Hapa twaomba wanachama wasome kwa makini, maana ndipo lilipo shauri lenyewe. Miezi ya kukopa ambayo tumeitaja hapo mwanzo, sehemu yake kubwa ni miezi ya masika. Na masika ndiyo huua mboga zilizopandwa chini bapa. Maji husimama, mizizi hukosa hewa, mashina huoza, na matone ya mvua hurusha matope juu ya majani na kuleta maradhi. Kwa hiyo mboga huadimika sokoni wakati ule ule ambapo mfuko wa mkulima ni mtupu, na nyingi ya zilizopo zimevuka bahari kutoka bara, na nauli ya chombo imo ndani ya bei. Tuta lililoinuliwa humwaga maji ya ziada, na udongo wake hubaki laini kwa kuwa hapana mguu unaolikanyaga. Kwa hiyo mwenye tuta huvuna wakati jirani yake anunua.

Utengenezaji wake ni huu. Chagua mahali penye jua la kutosha, angalau saa 6 kwa siku, na karibu na jiko ili maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagwe hapo. Usiliweke tuta chini ya mkarafuu. Kivuli chake ni kizito, na zaidi ya hayo mizizi yake ya kujilishia i karibu na uso wa ardhi, na jembe likiikata umejidhuru mara mbili. Upana wa tuta uwe futi 3 mpaka 4, ili mkono ufike kati kati kutoka kila upande. Urefu ni upendavyo, lakini futi 12 au 15 zatosha kuanzia. Acha njia ya futi 1 na nusu baina ya tuta na tuta. Chimba kwanza ardhi ya chini mpaka ilainike, kisha chukua udongo mzuri wa njiani uupandishe juu, mpaka tuta lipate kimo cha inchi 8 mpaka 12. Changanya na samadi iliyooza, kiasi cha nusu debe kwa kila hatua moja ya mraba. Samadi mbichi isitumike, maana huunguza miche na kuleta magugu.

Kando zake zahitaji kuzuiwa ili mvua isiuchukue udongo. Hapana haja ya kununua mbao. Tuna makumbi ya nazi, tuna magogo ya minazi iliyoanguka, tuna mawe, na mashina ya migomba hufaa kwa msimu mmoja. Kwa wanachama walio upande wa uwanda, ambako mawe ni mengi na udongo ni haba, tuta ni faida zaidi, kwa kuwa udongo mchache uliotawanyika hukusanywa mahali pamoja. Kwenye mteremko, tuta lilale likikata mteremko, lisifuate maji yaendako. Juu ya tuta tandaza majani makavu ili kuzuia jua na matone ya mvua. Majani ya mkarafuu yaozeshwe kwanza katika shimo la mboji, maana mafuta yaliyomo yaweza kuzuia mbegu kuota.

Kiangazi kikija, mambo hugeuka. Tuta refu hukauka upesi kuliko ardhi bapa, na asiyejua hilo hulaumu bure. Basi kiangazi lipunguzwe kimo, au uso wake ufanywe kama sinia, kando juu na kati kati chini, ili maji machache yasitoroke. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, na matandazo yawe mazito.

Juu ya kupanda, shauri letu ni kugawa. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 mpaka 4, basi usiupande wote siku moja. Panda kipande, na baada ya wiki 2 panda kipande kingine, ili usiwe na shibe leo na upungufu kesho. Bamia huanza kuchumwa baada ya miezi 2 hivi. Na ikumbukwe kwamba tungule, mabilingani, pilipili, mnavu na nyanya chungu ni jamaa moja, na maradhi yao ni mamoja, khasa mnyauko. Tuta lililotoa mojawapo, msimu wa pili lipewe mchicha au kunde, lisirudishiwe jamaa yake.

Twajua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kuku na mbuzi. Hiyo ni kweli, na dawa yake ni ua wa makuti au wa miti hai, ambao watoto waweza kuujenga siku moja ya mapumziko. Ya pili ni wakati. Wakati wa uchumaji hapana mtu nyumbani aliye na nafasi, hilo hatulikatai. Lakini kazi nzito ya tuta ni ya siku mbili, nayo hufanywa kabla ya masika, wakati ambapo wengi wetu twakaa barazani tukizungumza juu ya bei. Baada ya hapo ni robo saa asubuhi na robo saa jioni.

Ya tatu hutajwa kwa sauti ndogo, nayo ni kwamba bustani ya mboga ni kazi ya wanawake, na mwenye mikarafuu 100 haoni fahari kuinamia mchicha. Juu ya hiyo twataka kusema wazi. Kuchimba, kubeba mawe na kuzoa samadi ni kazi za nguvu, na mwanamume anayemwachia mke wake hizo pamoja na maji na kuni na watoto, hana haki ya kulalamika kwamba mboga hazikumea. Na tena, ikiwa bibi wa nyumba ndiye alitunzaye tuta, basi ziada ikiuzwa, fedha ziwe mkononi mwake. Fedha za karafuu huja kwa mkupuo na huondoka kwa mkupuo, na waume wengi tunajua ziendako. Fedha za mboga ni ndogo lakini hurudi kila wiki, na aghlabu huishia katika chakula, daftari na dawa. Chama kinachotaka wanachama wake waondoke katika deni hakiwezi kulinyamazia jambo hilo.

Wako pia wenye kusema kwamba tuta moja haliwezi kumwokoa mtu na deni. Wamesema kweli, kama watu wasemavyo kweli kwamba tone moja halijazi mtungi. Tuta halilipi ada ya skuli wala halijengi nyumba. Lakini sisi hatukuahidi hayo. Tumesema kwamba huziba tundu lile dogo ambalo deni hupitia. Mtu aliyekula mboga zake miezi mitatu ya masika, na ukurasa wake dukani ukabaki mweupe, anaweza kumtazama usoni mnunuzi wa mtini na kumwambia: “Ngoja zikomae.” Neno hilo “ngoja” lina thamani yake katika mizani.

Basi twatoa shauri hili kwa matawi yote. Kila mwanachama atengeneze tuta moja kabla ya masika yajayo. Kila tawi lichague mahali pamoja pa wazi, karibu na njia, lifanye tuta la mfano ili mwenye kutaka aone kwa macho yake, kwa kuwa maneno ya karatasini hayatoshi. Makatibu wa matawi wamwombe bwana shamba au bibi shamba wao aje siku ya mkutano kueleza juu ya mbegu na wadudu. Na kila nyumba iache mashina mawili matatu ya mchicha na ya bamia yakomae, ili mbegu ya mwaka ujao isitoke tena dukani.

Wazee wetu walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Walisema hivyo kwa ajili ya pwani na kitoweo chake. Sisi tulio mashamba hatuna upwa, lakini nyuma ya jiko pana nafasi ya futi 4 kwa 12, na jembe liko pembeni. Masika hayako mbali.